Jinsi ya kuomba kipimo cha INR ukiwa Kigoma na una valvu ya chuma moyoni

Damu ikigusa kitu kisicho cha mwili huanza kuganda, hata kama ni kaboni laini kabisa iliyoundiwa valvu za moyo. Ndiyo maana sisi tuliowekewa valvu hizo, ambazo wengi huziita za chuma, tunameza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yetu yote, na kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, hakiahirishwi.

Anzia pale unapotibiwa, iwe kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Omba barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni. Kabla ya kupanda gari, mtume ndugu aliyeko mjini aulize maabara kama vitendanishi (kemikali za kupimia) vipo, maana kutoka Kibondo au Kakonko ni safari ya kuumiza mgonjwa bure. Beba barua, kadi ya bima, kadi ya valvu uliyopewa baada ya upasuaji na daftari lako la dozi. Asiye na bima wala uwezo amwone afisa ustawi wa jamii kabla ya kufika dirisha la malipo.

Ukifika kwa daktari, iangalie fomu ya maabara. Isiandikwe "INR" peke yake. Mwombe aongeze valvu iko wapi, unameza miligramu ngapi, na dawa nyingine ulizotumia karibuni. Mwenye valvu ya aota (lango la damu itokayo moyoni kwenda mwilini) kwa kawaida hulengwa INR ya 2.0 hadi 3.0, wa mitrali (lango kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo) 2.5 hadi 3.5, kwa hiyo 2.2 inaweza kumtosha mwenzako wa aota, wewe wa mitrali ikakuacha hatarini. Kama ulimeza Flagyl au Septrin, sema bila kuulizwa, kwani zote mbili hupandisha INR.

Sasa sampuli, na hapa naomba usikilize vizuri. Damu huwekwa kwenye kichupa cha kifuniko cha bluu chenye sitrati, dawa ya kuzuia damu isigande kichupani: sehemu 9 za damu kwa 1 ya dawa hiyo. Lazima ifike kwenye alama. Yangu iliwahi kujazwa nusu katika kituo kimoja, maabara ikaikataa, nikaanza upya. Niliudhika siku ile, lakini walinisaidia: damu ikipungua, sitrati huzidi na INR huonekana kubwa kuliko ilivyo. Daktari angepunguza dozi, na valvu ingeweza kuziba. Kichupa kisiwekwe kwenye friji. Kikae katika joto la kawaida la chumba, kipimwe ndani ya saa 24, na saa ya kutoa damu iandikwe.

Majibu yakitoka, mrudie daktari siku hiyo hiyo. Ukiona fizi zinatoka damu au choo ni cheusi, usingoje foleni, mwambie muuguzi. Dozi ikibadilishwa, rudia kipimo baada ya wiki moja au mbili. Hakikisha tarehe hiyo imeandikwa kwenye daftari kabla hujatoka getini.