Lipiko kwenye simu: onesho la mtandaoni hatua kwa hatua

Mifupa ya Tendaguru, mkoani Lindi, ilichimbwa chini ya usimamizi wa Wajerumani kati ya mwaka 1909 na 1913, ikabebwa vichwani na mabegani na wenyeji hadi bandarini. Leo mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) kutoka huko amesimama Berlin, kimo cha zaidi ya mita 13, na mtoto wa Lindi hana nauli ya kumfuata. Kwa hiyo vile tulivyobaki navyo tuvioneshe vizuri. Mimi nafanya hivi Mtwara, kwa vinyago: nakipiga picha kinyago pande zote, kisha nazigeuza kuwa umbo la 3D ambalo mtu hulizungusha kwenye simu yake.

Hatua ya 1: Waone wenye kinyago kwanza

Lipiko ni kinyago cha Wamakonde kinachovaliwa kichwani kwenye ngoma zinazoambatana na jando na unyago, na si kila upande wake ni wa kila jicho. Kinyago changu cha kwanza nilikipiga picha hadi ndani, pale kichwa kinapoingia. Mzee aliyekuja kukitazama kwenye kompyuta alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Hapo hapaoneshwi, mjukuu wangu." Nikazifuta picha zile mbele yake. Siku hizi tunakubaliana kwanza, na makubaliano yanaandikwa kabla kamera haijatoka kwenye mkoba.

Hatua ya 2: Piga picha

Tandika kaniki mezani na nyingine nyuma, kwa sababu kitambaa chenye maua huichanganya programu. Kaa karibu na dirisha lisilopigwa na jua, zima flashi, weka rula pembeni. Zungusha kinyago kidogokidogo, pamoja na rula yake, kwa vimo vitatu vya kamera. Mimi hupiga picha 80 hadi 120, kila moja ikirudia theluthi mbili za iliyotangulia. Mti wa lipiko ni mwepesi na hauakisi mwanga, hausumbui. Kinachosumbua ni nywele za watu zilizobandikwa kichwani: hutoka kama povu, hivyo ziongezee picha za karibu. Sanamu ya mpingo uliong'arishwa nayo hung'aa. Subiri siku ya mawingu, na usiipake unga kamwe.

Hatua ya 3: Tengeneza umbo

Meshroom, programu inayounganisha picha kuwa umbo la 3D, ni ya bure, ila inataka kompyuta yenye kadi ya michoro ya NVIDIA. Ingiza picha, bonyeza kuanza, uiache usiku kucha. Kisha fungua umbo kwenye Blender, programu ya kuhariri maumbo, upunguze pembetatu zinazoliunda hadi 100,000 hivi, picha inayolifunika iwe pikseli 2048 kila upande, uhifadhi kama faili la GLB. Faili likizidi megabaiti 5 narudi kupunguza. Mtu wa Newala anafungua kwa bando lake.

Hatua ya 4: Weka alama za kubofya

Tumia model-viewer, zana ya kuonesha umbo la 3D kwenye ukurasa wa wavuti, nayo ni ya bure, uliweke umbo kwenye ukurasa na kulipachika alama. Tano zinatosha. Moja iwe kwenye ndonya, ile pambo la mti la mdomo wa juu, nyingine kwenye chale za shavuni zilizochorwa kwa nta ya nyuki. Mgeni akibofya, asikie sauti ya mzee akieleza, kwa Kimakonde, tafsiri ya Kiswahili ikiwa chini. Maelezo yako mwenyewe yafupishe. Sauti ile ndiyo onesho.

Hatua ya 5: Jaribu

Tafuta simu ya bei ndogo, zima waifai, mpe bibi ambaye hajawahi kuuona ukurasa wako. Usimwelekeze. Tazama kidole chake kinakwenda wapi. Pale kinapokwama, rekebisha pale.