SOMO: Kuchora nje ukiwa likizoni bila kukimbizana na kivuli

Wakuu, kila nikirudi kufundisha kwenye likizo za uchoraji nakuta swali lile lile: "Mbona picha zangu za nje hazieleweki?" Nalijibu hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

1. Beba vichache: brashi tatu, rangi sita, maji, kofia.

2. Kaa kivulini, wewe pamoja na karatasi yako.

3. Chagua kitu kimoja. Mlango, si mtaa mzima.

4. Finya macho mpaka vitu vidogo vipotee, ubakiwe na mwanga, wastani na giza.

5. Paka vivuli vyote ndani ya dakika kumi za mwanzo, kisha USIVIGUSE TENA.

Hii ya 5 ilinitesa. Nilianza saa mbili asubuhi kuchora ukuta mweupe wenye mti pembeni. Kila nikiinua macho, kivuli cha mti kimesogea, nami nakisogeza. Kufika saa tano mti mmoja una vivuli viwili, mlango una chake kinachoelekea kwingine, na karatasi imeota manyoya kwa kusuguliwa. Jua linahama digrii 15 kila saa, huliwezi. Mchoraji Mfaransa Monet alipochora marundo ya nafaka, 1890 hadi 1891, mwanga ukibadilika alihamia turubai nyingine (kitambaa cha kuchorea). Nawe zikipita saa mbili, funga, urudi kesho wakati ule ule. Wingu likifunika jua, subiri, usianze kubuni.

MASWALI

— Mkuu nimesoma juu juu, kivuli napaka lini?

Namba 5. Soma.

— Mimi nilikaa juani na picha ikatoka safi. Umetia chumvi.

Uliitazama ukiwa juani bado? Ingia nayo ndani kwanza.

— Nimerudi. Ndani imekuwa giza tupu. Inakuwaje?

Hapo sasa tunazungumza. Karatasi nyeupe ikipigwa na jua inang'aa mno, kila rangi unaiona hafifu, unaongeza na kuongeza. Ukiingia ndani ule mng'ao haupo, imebaki rangi uliyozidisha. Lakini kivulini nako rangi ya maji hupauka ikikauka, kwa hiyo ijaribu kwenye kipande cha karatasi, ngoja kikauke, ndipo uamue.

— Mwalimu, nami nina kikundi. Wanaona haya wapita njia wakisimama kuwatazama.

Waketishe migongo ukutani, hakuna atakayesimama nyuma yao. Siku ya kwanza usiwape picha kubwa. Wape vikaratasi vinne vya ukubwa wa kiganja, penseli, dakika tano kila kimoja. Mwenye vinne haogopi kuharibu kimoja. Nimeona mama mmoja aliyekuja akitetemeka mkono akiomba cha tano.

— Naongezea: upepo ukiwa mkali, ning'inizeni mfuko wa mawe chini ya stendi ya kuwekea picha.

Naam, asante. Na wa rangi za mafuta: vitambaa vyenye mafuta ya mbegu za kitani msivifinyange mkavirundika pamoja. Vinapata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka moto. Vitandazeni nje, kimoja kimoja, vikauke.