Kabla Hujamwaga Wino Mezani kwa Rikruta

Mpwa wangu alinipigia saa nane usiku, akiwa mapumzikoni kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi za zamu. "Shikamoo mjomba. Kuna sajenti alikuja chuoni, kaweka meza kantini, anagawa chupa za maji. Anasema nikiingia jeshini nasoma bure. Nisaini?" Nikamuuliza: jeshi lipi? Akacheka. "Mjomba, jeshi si jeshi tu?"

Si jeshi tu. Hapa Marekani kuna jeshi la kudumu, kuna la akiba, na kuna Walinzi wa Taifa, National Guard, walio chini ya kila jimbo. Sare zinafanana, na rikruta, yule mwandikishaji wa askari, ni mchangamfu kotekote, lakini ada inalipwa kwa njia tofauti kabisa, na tofauti hiyo imo kwenye karatasi utakayosaini. Aliloahidi rikruta kwa mdomo halafu halimo kwenye mkataba, hesabu kwamba halipo.

Fao linaloimbwa na kila mtu ni Post-9/11 GI Bill, lililoanza kulipa mwaka 2009. Ukitumikia miezi 36 katika jeshi la kudumu na ukaondoka kwa heshima, unapata miezi 36 ya masomo: ada yote ya mkazi wa jimbo katika chuo cha umma, hadi dola 1,000 za vitabu kwa mwaka, na posho ya nyumba. Ukitumikia muda mfupi zaidi, asilimia inashuka. Posho hufuata mahali chuo kilipo, kwa kiwango cha sajenti wa cheo cha E-5 mwenye familia. Ukisoma masomo yako yote mtandaoni, unapewa nusu tu ya wastani wa nchi nzima. Kwa hiyo hata darasa moja la kukaa kwenye kiti lina thamani yake.

Walinzi wa Taifa ni hesabu nyingine. Kama ilivyo katika jeshi la akiba, kwa kawaida unatumikia wikendi moja kwa mwezi na wiki mbili kwa mwaka, lakini wikendi hizo hazijazi ile miezi 36 ya GI Bill. Faida yao ni kwamba majimbo mengi yana mpango wa kuwasaidia au kuwafutia ada katika vyuo vya umma, na unasoma huku unatumikia. Kwa mtu aliyekwisha kufika mwaka wa pili, kama mpwa wangu, mimi ningependelea njia hii. Ila ukiitwa muhula ukiwa katikati, unakwenda. Na usidhani ni kama JKT ya mujibu wa sheria kule Tanzania, miezi mitatu umerudi nyumbani. Mkataba wa kwanza hapa, ukijumlisha na muda wa akiba, kwa kawaida ni miaka 8.

Nani anaruhusiwa? Mwenye grinikadi, yaani kibali cha ukazi wa kudumu, au uraia. Wa viza ya mwanafunzi, F-1, haruhusiwi. Kulikuwa na mpango wa MAVNI, uliowachukua hata wageni wasio na grinikadi waliojua lugha maalumu, Kiswahili kikiwemo. Uliacha kupokea watu mwaka 2016, kwa hiyo anayekuuzia habari zake leo kwenye kundi la WhatsApp mpite tu. Wengine huchanganya haya na Selective Service: hilo ni daftari la wanaoweza kuitwa vitani ikibidi, ambalo mwanaume wa miaka 18 hadi 25 mwenye grinikadi anatakiwa awemo. Kuwemo hakukufanyi askari.

Ukiona vijana wanakimbia mchakamchaka alfajiri kwenye uwanja wa chuo, wengi ni wa ROTC, wanaosomea uofisa. Ufadhili wake na kamisheni ni vya raia. Na hapa Mtanzania asimame kidogo. Utumishi wa heshima unafupisha ile miaka 5 ya kusubiri uraia wa Marekani, na ada ya maombi haitozwi, lakini Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha. Mkenya wa kuzaliwa amelindwa na Katiba ya 2010, anabaki na vyote viwili. Kama una kiwanja Kibaha, kaa na wazazi mzungumze kabla, si baada ya kula kiapo.

Jambo la mwisho ni dogo, ila limewaumiza watu ninaowajua. Posho ya nyumba hailipwi siku za likizo kati ya muhula na muhula. Muhula ukiisha katikati ya Desemba, mwezi huo unalipwa nusu, na Januari unalipwa kuanzia siku darasa linapofunguliwa, wakati mwenye nyumba anataka kodi yake kamili tarehe mosi. Rafiki yangu mmoja aliimaliza Krismasi yake ya kwanza ya uanafunzi akiendesha Uber usiku kucha. Weka akiba ya kodi kuanzia Septemba.

Mpwa wangu alinitumia picha za mkataba, ukurasa kwa ukurasa. Ulikuwa wa jeshi la akiba, miaka 6, na GI Bill ya miezi 36 aliyoahidiwa kantini haikuandikwa popote. Hajasaini. Anasema chupa ya maji ameibakiza.