Zamu ya kwanza au ya pili? Somo la chakula cha jioni kwa familia inayopanda meli ya kitalii

Ukishalipia nafasi kwenye meli ya kitalii, fomu itakuuliza jambo ambalo watu wengi hulijaza haraka haraka: familia itakula chakula cha jioni zamu ya kwanza au zamu ya pili? Huku kwetu, kuanzia Iringa hadi Tunduma, nyumba nyingi hupakua chakula cha usiku saa 2 au saa 3, kwa hiyo mkono hukimbilia zamu ya pili. Kwa familia yenye mtoto wa chini ya miaka saba, chaguo hilo mara nyingi huwaharibia jioni zote za safari. Mazoea ya nyumbani yaacheni kando. Chagueni kwa kuangalia usingizi wa mtoto mdogo kuliko wote, halafu ratiba ya bandari.

Zamu zipo kwa sababu ukumbi mkuu wa chakula hauwezi kukalisha abiria wote kwa pamoja. Meli ya abiria elfu tatu au nne huwagawa makundi mawili: kundi la kwanza linakula na kuondoka, meza zinapangwa upya, la pili linaingia. Ukiwa kwenye zamu unapewa nambari ya meza, na kwenye meli nyingi mnakaa meza hiyo hiyo na kuhudumiwa na wahudumu wale wale kila usiku. Chakula cha ukumbi huo kimo ndani ya nauli, na bei ni moja kwa zamu zote mbili. Wale waliozoea behewa la mgahawa la TAZARA, kwamba unakwenda ukiona kuna nafasi, wajue huku mlango una saa zake.

Hatua ya 1: Soma saa sawasawa

Tiketi na programu ya simu ya kampuni huandika saa za kimataifa. Toa sita, na jibu likizidi 12, toa 12 tena. 17:30 ni saa 11:30 jioni, 18:00 ni saa 12 kamili jioni, 20:15 ni saa 2:15 usiku. Kwenye meli za makampuni ya Marekani, zamu ya kwanza kwa kawaida huanza kati ya saa 11:30 na saa 12 jioni, na ya pili kati ya saa 1:45 na saa 2:30 usiku. Kampuni ya Disney hutumia saa 11:45 jioni na saa 2:15 usiku kwenye safari zake nyingi. Meli za Mediterania huchelewa zaidi, kwa sababu Waitalia na Wahispania hula usiku. Huko zamu ya pili inaweza kuanza saa 3 usiku. Kampuni ya Norwegian haina zamu kabisa, unakula saa utakayo. Kwa hiyo kabla ya kubishana nyumbani, muulize wakala saa halisi za meli yenu kwa tarehe yenu, maana hata kampuni moja hubadilisha saa kati ya safari na safari.

Hatua ya 2: Hesabu saa ya mwili wa mtoto

Hapa ndipo familia nyingi hukosea, basi tuende taratibu.

Chukua saa ya zamu, igeuze kuwa saa ya Mbeya, kisha ongeza saa moja na nusu, kwa sababu mlo wa ukumbini una kianzio, chakula chenyewe na kitindamlo, nao huchukua kati ya saa moja na nusu na saa mbili. Jibu utakalopata ndiyo saa ambayo mwili wa mtoto utakuwa unahisi wakati mnainuka mezani.

Durban iko nyuma yetu kwa saa moja. Zamu ya saa 12 jioni huko ni saa 1 usiku hapa. Mtaondoka mezani mwili ukisema saa 2:30. Mtoto wa miaka minne bado anavumilia. Zamu ya saa 2:30 usiku ni saa 3:30 kwetu, na kitindamlo kinafika saa 5 usiku. Hapo mtoto ameshalala kwenye kiti, mama anakula kwa mkono mmoja, na baba ameondoka na mwingine mgongoni.

Barcelona au Genoa wakati wa likizo ya Juni nako ni nyuma kwa saa moja, ila jua la huko huzama kati ya saa 3 na saa 3:30 usiku. Mtoto aliyezoea giza la saa 1 atakataa kulala kwa kuwa nje bado ni mchana. Funga mapazia ya chumba mkirudi.

Karibiani ni habari nyingine. Mwezi Desemba, Miami, bandari ya Marekani zinakoanzia meli nyingi za huko, iko nyuma yetu kwa saa nane. Zamu ya kwanza ya saa 11:30 jioni ni saa 7:30 usiku wa Mbeya. Ya pili ya saa 2:15 ni saa 10:15 alfajiri. Kwa siku mbili tatu za mwanzo hata watu wazima watasinzia kwenye supu. Mwili hujirekebisha kwa takriban saa moja kwa siku, kwa hiyo safari ya usiku saba inaisha mwili ndiyo kwanza umezoea. Mkitoka Songwe kupitia Dar es Salaam kwenda mbali hivyo, fikeni mji wa bandari siku mbili kabla ya meli, na zamu iwe ya kwanza hata kama watoto ni wakubwa.

Hatua ya 3: Weka ratiba ya bandari mezani

Zamu ya kwanza ina adui mmoja, nayo ni siku za kushuka. Meli ikiondoka saa 12 jioni, abiria hutakiwa kuwa ndani nusu saa hadi saa nzima kabla. Mkirudi saa 11 jioni mna mchanga miguuni, foleni ya ukaguzi, lifti zimejaa, watoto wanataka kuoga, na zamu inaanza saa 11:30. Ukichelewa zaidi ya robo saa jikoni wameshapokea oda za meza, na msimamizi anaweza kukuelekeza kwenye bufee.

Andika kila bandari na saa ya meli kuondoka. Kama bandari nyingi meli inaondoka saa 10 au saa 11 jioni, zamu ya kwanza haina shida. Kama nyingi ni saa 1 usiku na kuendelea, kubalini mapema kwamba siku hizo mtakula bufee ya ghorofa ya juu, au chagueni mpango wa saa huria, yaani kula saa mtakayo bila zamu. Kwenda bufee usiku mmoja hakupotezi meza yenu. Mwambieni mhudumu jana yake ili asiwasubiri.

Na simu: zima ubadilishaji wa saa wa kujiendesha. Simu hunasa mnara wa nchi kavu na kukupa saa isiyo ya meli. Saa ya meli ndiyo inayofungua na kufunga mlango wa ukumbi.

Hatua ya 4: Onyesho na klabu ya watoto

Hili ni fupi. Ukumbi wa maonyesho hupangwa kufuata zamu: wa zamu ya kwanza huona onyesho baada ya kula, wa zamu ya pili huona kabla. Klabu ya watoto kwenye meli nyingi hupokea kuanzia miaka 3, jioni bila malipo hadi saa 4 usiku, baada ya hapo hulipiwa kwa saa. Ukiwa zamu ya pili, muda wa bure unaweza kuishia mkiwa mezani. Disney wana utaratibu mzuri kwa zamu ya pili: watoto hupewa chakula mapema, na baada ya kama dakika 45 walezi wa klabu huja kuwachukua ukumbini, wazazi wakabaki kula kwa utulivu. Kwa meli hizo tu, mzazi wa mtoto wa miaka mitano anaweza kufikiria zamu ya pili, mradi hesabu ya hatua ya 2 inaruhusu.

Hatua ya 5: Omba, unganisha, thibitisha

Zamu ya kwanza hujaa upesi wakati wa likizo za shule, maana kila familia inaitaka. Iombeni siku ile ile ya kulipa amana. Ikiwa imejaa, mtawekwa ya pili pamoja na kuandikwa kwenye orodha ya kusubiri. Nafasi huachiwa karibu na tarehe ya mwisho ya malipo, watu wanapoghairi.

Ukoo ukisafiri kwa vyumba vitatu vilivyolipiwa mbali mbali, kila chumba kina nambari yake ya buking, na kompyuta haijui kwamba bibi wa chumba kimoja ni bibi wa watoto wa chumba kingine. Matokeo yake bibi anakula saa 2:15 peke yake na wageni. Mpe wakala nambari zote na umtake aziunganishe kwa ajili ya meza. Kisha angalia mwenyewe kwamba kila nambari imeandikwa zamu ile ile.

Hatua ya 6: Siku ya kupanda

Soma kadi au programu: zamu, jina la ukumbi, nambari ya meza. Kama kuna kosa, nenda kwa msimamizi wa ukumbi wa chakula mchana huo huo, kabla ya jioni. Hapo ndipo anapopanga upya meza. Usiku wa pili nafasi zimeshakwisha. Agiza kiti cha mtoto, taja mzio wa karanga, samaki au maziwa kwa maneno wazi, hata kama uliujaza kwenye fomu. Mezani, mwambie mhudumu alete chakula cha watoto pamoja na vianzio vya wakubwa. Hilo moja hupunguza nusu ya vurugu.

Maswali ya wanachama

Mama wa Uyole: Nina watoto wa miaka 4, 9 na 15. Huyo mkubwa hataki kusikia kula saa 11:30 jioni. Nifanyeje?

Zamu ya kwanza, mama. Huyo wa 15 akae nanyi mezani ale kidogo, halafu saa 3 usiku aende bufee au kibanda cha piza, navyo kwa kawaida vimo ndani ya nauli. Kijana ana pa kwenda akipata njaa. Wa miaka 4 akikosa usingizi hana.

Mwanachama wa Mafinga: Hii saa huria si ndiyo rahisi kuliko zote? Kwa nini nijifunge?

Ni rahisi kwa watu wawili. Kwa familia ya watu sita au zaidi, meza kubwa ni chache, na kati ya saa 12:30 na saa 2 usiku mnaweza kusimama foleni mtoto akilia. Ukiichagua, weka miadi ya kila usiku kwenye programu ya simu mara tu mnapopanda. Faida yake iko kwenye safari yenye bandari nyingi za kuondoka usiku.

Mwanachama wa Tukuyu: Tunasafiri na baba mzazi, na mke wangu anashika mila ya Kinyakyusa ya kutokula mbele ya baba mkwe. Tugawane zamu?

Msigawane zamu, ndugu; wajukuu watakosa kuwa na babu yao. Omba meza mbili za jirani katika zamu moja: mkamwana na watoto wadogo meza moja, baba na wewe na wajukuu wakubwa nyingine, viti vikipangwa wasitazamane. Mwandikie wakala sasa kwamba mnahitaji meza mbili kwa sababu ya mila, kisha rudia kwa msimamizi siku ya kupanda. Kinachoshindikana ni kuomba hivyo watu wakiwa wameshakaa.

Mwanachama wa Iringa mjini: Sisi ni Waislamu. Zamu ipi haigongani na Magharibi, na nyama je?

Durban mwezi Desemba jua huzama karibu na saa 1 kasoro jioni. Zamu ya saa 12 inaisha kama saa 1:30, na Magharibi bado ipo. Mediterania mwezi Juni zamu ya kwanza inaisha kabla ya jua kuzama, ilhali ya pili inakaa juu ya Magharibi yenyewe. Nyama: ombi la halali lipelekwe kwa kampuni wiki kadhaa kabla, kwa maandishi, na kila usiku mwombe mhudumu menyu ya kesho ili jikoni waandae. Pasipo uthibitisho, kula samaki na mboga, ukiuliza kama kuna divai au mafuta ya nguruwe kwenye mchuzi.

Mama wa Sokomatola: Usiku wa mavazi rasmi ni lazima suti?

Kitenge kilichoshonwa vizuri au kanzu na koti vinatosha kabisa. Kaptura na kandambili ndizo zinazorudishwa mlangoni. Watoto wadogo hawabanwi, ila wavike baada ya kuoga, dakika kumi kabla ya kutoka.

Mwanachama wa Njombe: Baba yangu ana sukari, anachoma insulini kabla ya kula. Saa ikibadilika itakuwaje?

Mpelekeni kwa daktari wake mkiwa na saa za zamu mkononi, akupangieni dozi, hasa kama mnavuka saa nyingi. Kwa mzee huyu zamu yenye saa maalumu ni bora kuliko saa huria, kwa kuwa chakula kinakuja muda ule ule kila usiku. Tahadhari kubwa ni kuchoma chumbani. Kutoka chumbani hadi sahani kufika panaweza kupita dakika 40, na sukari ikashuka njiani. Kama daktari anakubali, achome mezani chakula kikiwa kimeshaletwa, na mkate wa mwanzo uwe karibu yake. Muulizeni mhudumu wa chumba mapema kama friji ndogo ina baridi ya kutosha kwa insulini. Nyingine hupoza vinywaji tu, na hapo dawa hupelekwa kutunzwa kwenye zahanati ya meli.