Kumpunguzia mgeni teke la bunduki

Mpwa wangu, aliyemaliza kidato cha nne juzi, siku yake ya kwanza uwanja wa shabaha alipewa bunduki ya .308, ya risasi kubwa. Bega likavilia damu, akaapa harudi. "Anko, hiyo kitu ni punda," akaniambia. Amerudi. Tulifanya hivi, msimamizi wa uwanja akiwa kando yetu.

Hatua ya 1. Anza na .22, bunduki ya risasi ndogo. Hapa sina mjadala. Risasi yake ina gramu 2.6 hivi, ya .308 hukaribia 10, tena hutoka kwa kasi maradufu. Kinachosukumwa mbele ndicho kinachokurudia begani. Wanaosema "azoee kubwa mapema" wakamlipie matibabu.

Hatua ya 2. Pima kitako, bunduki ikiwa tupu. Akunje kiwiko digrii 90, kitako kikae kwenye mkunjo, kidole kifikie kifyatulio bila kujinyoosha. Kisipofikia, kitako ni kirefu, naye atasimama akiwa amelalia nyuma, teke limkute hana mizizi. Kifuniko cha ngozi na sponji nilishonewa na fundi wa Kariokor, Nairobi. Nilimpelekea mchoro wa kitako kwenye karatasi, jamani, si bunduki! Sponji huongeza urefu, kwa hiyo pima tena.

Hatua ya 3. Mguu wa kushoto mbele, uzito mbele, kitako ndani ya bonde la bega. Kwa wa mkono wa kushoto, geuza.

Hatua ya 4. Uzito. Bunduki ya kilo 3 ukiiongezea nusu kilo, nguvu ya teke hupungua kwa moja ya saba. Nyepesi ni tamu kubeba tu.

Hatua ya 5. Mshtuko. Hapa tulipoteza asubuhi nzima. Risasi zilikuwa zikienda chini kushoto, nami nikaizungusha darubini ya bunduki kurekebisha shabaha hadi vidole vikauma. Darubini haikuwa na kosa. Mpwa wangu alikuwa anafumba macho na kulisukuma bega kabla ya mlio. Utajuaje? Mjazie wewe, bila yeye kuona, ukichanganya risasi halisi na bandia, zisizo na baruti. Ikifika bandia na mtutu ukaruka, umemshika. Usimcheke. Rudia, bandia ziwe nyingi kuliko halisi, mpaka mtutu utulie. Wetu ulitulia kwenye raundi ya nne. Bandia ziwe za rangi inayoonekana kwa mbali, na zihesabu kabla na baada. Bunduki isipolia, mtutu ubaki kwenye shabaha kwa sekunde 30 kabla ya kufungua, kwani huenda ni halisi iliyochelewa kulipuka.

Na mshtuko mwingi huanzia masikioni. Mvalishe vizibo ndani, vifuniko juu. Ndiyo maana kile kifaa cha mdomo wa mtutu chenye matundu pembeni sikitaki kwa mgeni: hupunguza teke kweli, lakini huongeza kishindo, na kishindo ndicho kinachomfumbisha macho.

Hatua ya 6. Zikifika risasi 20, funga. Mpwa wangu alitaka kuendelea, nikamnyima.