Muundi ukisagika kifundoni: ngozi ndiyo inayopanga siku ya upasuaji

Abiria wa boda boda aliyegongwa Mombasa Road akifika kasualti, wote hukimbilia eksrei. Wewe anza na ngozi.

Hatua ya 1. Pima mapigo juu ya unyayo na nyuma ya kifundo upande wa ndani, kisha uliza kama vidole vina ganzi. Kifundo kikiwa kimeteguka na ngozi imevutwa, mpe dawa ya maumivu ukinyooshe papo hapo bila kungoja foleni ya eksrei. Kwenye ngozi nyeusi usitafute weupe. Tafuta iliyokaza ikang'aa kama puto. Hiyo inakufa. Ukimaliza, pima mapigo tena uandike.

Hatua ya 2. Mfupa ukitoboa ngozi, antibayotiki iingie ndani ya saa moja: kwa mtu mzima, sefazolini gramu 2 mshipani, pamoja na kinga ya pepopunda. Funika kwa shashi yenye salaini. Kidonda kisafishwe thieta ndani ya saa 24.

Hatua ya 3. Weka plasta ya nyuma tu, isiyozunguka mguu, kisha uinue mguu kupita usawa wa moyo. Maumivu yasiyosikia dawa, yanayozidi ukinyoosha kidole gumba cha mguu, ni misuli inayobanwa na shinikizo. Legeza bandeji zote, teremsha mguu usawa wa moyo, na daktari wa mifupa aitwe usiku huo huo.

Hatua ya 4. Fremu ya nje, yaani vyuma vya kushikilia mfupa kutoka nje ya ngozi: pini mbili kwenye muundi, mbali na pale pleti (bamba la chuma la kuunga mfupa) itakapokaa, na moja ipenye kisigino ikiingilia upande wa ndani, kwa sababu mshipa na neva za kukwepa ziko huko, na pa kuingilia ndipo unapopachagua mwenyewe. Vuta mpaka urefu urudi. CT skani ifanywe baada ya fremu. Ikifanywa kabla, vipande vimerundikana na ramani yake haisomeki.

Hatua ya 5. Kungoja. Hapa ndipo miguu mingi hupotea, kwa kuwa ndugu wanauliza kila asubuhi mbona mgonjwa hapelekwi thieta. Waeleze: kifundo hakina nyama ya kufunika chuma, ni ngozi na mfupa. Ukipasua ikiwa imevimba, kingo za mshono huwa nyeusi, zinaachana, pleti inachungulia, na usaha unafuata hadi kwenye mfupa.

Kila siku bana ngozi taratibu kwa vidole viwili palepale kisu kitakapopita. Ikikunja mikunjo midogo, iko tayari. Ikibaki imekaza kama ngoma, rudi kesho. Malengelenge ya maji meupe yamechubua juu tu. Yenye damu yamekwenda chini zaidi, usikate juu yake mpaka ngozi mpya iote. Kwa kawaida hesabu siku 7 hadi 14, mara nyingine 21. Ukipita wiki tatu vipande vinaanza kushikana na kuvipanga kunakuwa kazi ngumu. Mvunjiko mwepesi ambao haujavimba ni habari nyingine: unaweza kupasuliwa siku ya kwanza.

Hatua ya 6. Thieta, kata ngozi na mafuta yake kwa pamoja, usiyatenganishe. Penye mikato miwili, acha takriban sentimita 7 katikati.

Hatua ya 7. Nyuzi zikae wiki mbili hadi tatu. Asikanyage kwa wiki 10 hadi 12. Mwenye kisukari, muda mrefu zaidi. Uvutaji sigara huchelewesha mfupa kuunga, mwambie hivyo waziwazi. Na kabla ya kumruhusu, uliza anaishi ghorofa ya ngapi. Anayerudi ghorofa ya nne mtaani Pipeline, Nairobi, bila lifti atakanyaga mguu huo siku hiyo hiyo. Mtafutieni ndugu mwenye nyumba ya chini.