Kupanga marejeo ya tasnifu kwa Zotero: mwongozo kwa watafiti wa Mwanza

Mwongozo huu ni kwa ajili ya wanafunzi na watafiti wa hapa Mwanza, hasa wanaoandika kuhusu Ziwa Victoria, uvuvi na afya ya jamii za visiwani, ambao bado wanachapa orodha ya marejeo mstari kwa mstari. Programu ninayoitumia na kuifundisha ni Zotero, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2006 na Chuo Kikuu cha George Mason cha Marekani. Kati ya programu nyingine za aina hii, EndNote ni ya kulipia, na Mendeley, ingawa ni ya bure, iko mikononi mwa kampuni ya uchapishaji ya Elsevier tangu mwaka 2013. Zotero haina malipo, msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, na rekodi zako hukaa ndani ya kompyuta yako mwenyewe, kwa hiyo mtandao ukikatika au bando likiisha unaendelea kuandika kama kawaida.

Hatua ya kwanza ni kusakinisha. Funga Word, ingia zotero.org, pakua programu yenyewe pamoja na kiunganishi cha kivinjari unachotumia, kisha fungua akaunti. Nafasi ya bure ya kuhifadhi mafaili mtandaoni ni MB 300, nayo hujaa upesi kwa makala za PDF. Lakini rekodi zenyewe, yaani majina ya waandishi, mada na miaka, hazihesabiwi humo. Nashauri uzime ulandanishaji (yaani kuoanisha kompyuta yako na akaunti ya mtandaoni) wa mafaili na uache wa rekodi tu, kwani hautumii bando kubwa.

Hatua ya pili ni kukusanya. Tuseme unaandika kuhusu kutoweka kwa furu baada ya sangara kuongezeka ziwani, na unahitaji makala ya Frans Witte na wenzake ya mwaka 1992 katika jarida la Environmental Biology of Fishes. Fungua ukurasa wa makala hiyo, bofya alama ya Zotero juu ya kivinjari, na rekodi itaingia kwenye folda uliyoifungua. Ukiwa na namba ya utambulisho ya makala (DOI) au ya kitabu (ISBN) peke yake, bofya alama ya kifimbo ndani ya Zotero na uibandike hapo. PDF uliyopewa na mwenzako kwa flashi iburute tu hadi ndani ya programu, nayo itajaribu kuitambua. Ripoti za zamani hazitambuliki hivyo: ripoti ya Michael Graham, iliyotolewa mwaka 1929 baada ya uchunguzi wake wa uvuvi wa ziwa hili, utaijaza mwenyewe, na uangalie uchague aina ya chapisho, yaani ripoti, kabla ya kuanza kujaza, maana aina ndiyo inayoamua ni visanduku gani vitokee.

Hatua ya tatu hurukwa na wengi, nami naisisitiza kuliko zote: hariri kila rekodi siku ileile inapoingia. Programu haina namna ya kujua lililo sahihi. Inachapa kile ilichopewa, na makosa yanayoletwa na tovuti za majarida ni mengi kuliko watu wanavyodhani.

Anza na majina. Taasisi kama Wizara ya Mifugo na Uvuvi ikiingia katika visanduku viwili vya jina, Zotero itadhani ni mtu, itaifanya Uvuvi kuwa jina la ukoo na kuyafupisha maneno yaliyobaki kuwa herufi. Bofya alama iliyo pembeni ya jina ili pabaki kisanduku kimoja, kisha uandike jina lote. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi, waliofanya kazi hapa Mwanza kuanzia mwaka 1977, wamo wenye majina kama van Oijen, na neno hilo la mbele liwekwe pamoja na jina la ukoo, lisiachwe kwenye kisanduku cha majina ya kwanza. Kadhalika, rekodi moja ikisema Frans Witte na nyingine F. Witte, mtindo wa APA, mmojawapo wa mitindo ya kuandika marejeo, utawahesabu kuwa watu wawili na kuanza kuongeza herufi za majina ndani ya matini yako. Mwanafunzi huona herufi hizo zimejitokeza ghafla, akazifuta kwa mkono, na zikarudi, kwa sababu dawa iko kwenye rekodi na si kwenye Word.

Kisha angalia mada. APA hutaka herufi kubwa mwanzoni mwa mada, mwanzoni mwa mada ndogo na kwenye majina mahsusi tu, lakini Zotero haikubadilishii herufi kubwa zilizozidi. Zipunguze ndani ya rekodi, na uhakikishe Lake Victoria haijageuka kuwa lake victoria. Jina la kisayansi linalopaswa kulala, yaani kuandikwa kwa herufi za mlazo, kama lile la sangara, liandikie <i> mbele na </i> nyuma, hivi: <i>Lates niloticus</i>. Ukishafanya hivyo mara moja, litalala katika kila tasnifu na kila makala utakayoandika.

Rekodi zilizojirudia ziunganishe, usiifute mojawapo. Ukifuta ile uliyokwisha kuinukuu, waraka wako utapoteza uhusiano nayo. Ukiziunganisha, uhusiano unabaki.

Hatua ya nne ni kunukuu, na ni nyepesi. Katika Word utaona kichupo cha Zotero. Weka kishale mahali pa nukuu, bofya kitufe cha kwanza, chagua mtindo ambao chuo chako kinautaka, andika jina la mwandishi, ongeza ukurasa, bonyeza Enter. Mwisho wa waraka ingiza orodha ya marejeo, nayo itajipanga yenyewe kila unaponukuu. Usiirekebishe orodha hiyo kwa mkono hata nukta moja, maana itafutika mara programu itakapoisasisha.

Nakala ya akiba isingoje. Funga Zotero, nakili folda yake yote kwenye diski ya nje, na ufanye hivyo kila wiki ya kazi. Folda yenyewe isikae ndani ya Dropbox wala OneDrive, kwa kuwa hifadhidata inaweza kuharibika ikilandanishwa huku programu iko wazi.

Siku ya kuwasilisha, hifadhi waraka kwa jina jipya, na katika nakala hiyo mpya pekee ondoa uhusiano wa nukuu na Zotero kwa kitufe chake kwenye kichupo kilekile, kwani kitendo hicho hakirudishwi ukishafunga waraka. Nakala ya awali itunze hai, kwa sababu watahini watakapoirudisha tasnifu na masahihisho ya kuongeza vyanzo, ndiyo utakayoifungua.